XSLT ndani ya brauza: nimeitumia kwa meseji za pesa za mama mdogo, natoa nyota tatu na nusu

Mbukwenyi jamani. Najua mmezoea rivyu za simu mpya, spika na sehemu za nyama choma, mi leo naleta rivyu ya kitu ambacho hakiuzwi, hakina tangazo, kipo tayari kwenye kompyuta yako na pengine hujawahi kukigusa. Kinaitwa XSLT, yaani ule uwezo wa brauza kuchukua faili la XML, ambalo ni maandishi matupu yenye tagi tagi, ikalisoma pamoja na faili la pili linaloitwa stailishiti, halafu ikakutolea ukurasa safi wenye jedwali na rangi kama ukurasa wowote wa intaneti. Nimekitumia karibu mwezi na nusu kwa kazi moja ya kweli, siyo majaribio ya darasani, na nyota nazitoa mapema ili mwenye haraka zake aondoke: tatu na nusu kati ya tano. Ingefika nne na nusu kama si habari moja mbaya nitakayoifikia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mama yangu mdogo anauza zabibu za jumla pale soko la Majengo, Dodoma. Mzigo anachukua Hombolo na Mpunguzi, anapanga kwenye kreti, nyingine zinapanda basi la Dar, nyingine Morogoro, nyingine Singida, na wateja wa mbali wote wanamlipa kwa simu. Sasa daftari lake la wateja ni meseji. Hafuti meseji ya pesa hata moja, ukimuuliza fulani kalipa anavaa miwani anaanza kuskroli kwa kidole gumba, juu, juu, juu, mpaka aikute, na kama chai imewekwa mezani itapoa. Msimu wa mwezi wa pili na wa tatu ulipoisha (huku kwetu zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, awamu nyingine ni mwezi wa nane na wa tisa) akataka kujua kila mteja ametuma jumla shilingi ngapi, maana kuna mmoja alikuwa anamwambia kila siku "dada mi nilishamaliza" na yeye moyoni anajua huyu hajamaliza.

Akaniita. "We mwanangu si unafanya mambo ya kompyuta, hebu nitolee hizi meseji kwenye karatasi."

Nikapakua apu moja ya bure ya kunakili meseji, jina lake halina umuhimu, ikatoa faili moja kubwa la XML, nikalihamishia kwenye laptopu kwa fleshi. Ndani yake kila meseji ni mstari mmoja mrefu wa namna hii:

<sms address="..." date="1772870400000" type="1" body="Umepokea Tsh45,000 kutoka ..." readable_date="..." />

Hiyo date ya tarakimu 13 ni milisekunde zinazohesabiwa tangu 1 Januari 1970, type ya 1 ni meseji iliyoingia, 2 ni iliyotoka, na body ndo meseji yenyewe. Yaani taarifa zote zipo ila kwa macho ya mama mdogo hilo ni tusi. Nikafikiria njia tatu. Excel, ambayo kwenye ile laptopu yake ya mtumba haipo. Zile tovuti za kubadilisha mafaili bure mtandaoni, hapo nikakataa kabisa, maana humo ndani kuna majina ya watu, namba zao na salio la mama wa watu, unaenda kumpa nani hiyo? Ya tatu ndo hii, brauza yenyewe, bila bando, bila kuinstoli chochote, bila meseji hata moja kutoka nje ya nyumba. Kwa hilo peke yake nampa XSLT nyota mbili kamili kabla hajafanya kazi.

Sasa tuanze na vituko. Nikabofya lile faili mara mbili likafunguka kwenye brauza, ukurasa mweupe. Mweupe pee, hakuna hata neno la kosa. Nikadhani faili limeharibika, nikalifungua kwa notipadi, lipo zima. Kumbe apu yenyewe ilishaandika juu kabisa mstari wa kuita stailishiti inayoitwa sms.xsl, na hilo faili sina, kwa hiyo brauza imetafuta nguo za kumvalisha mtu haikuzipata ikaamua kumficha kabisa. Sawa, nikaubadilisha ule mstari ukawa wa kwangu:

<?xml-stylesheet type="text/xsl" href="meseji.xsl"?>

nikaandika meseji.xsl ya mistari kama kumi na tano ya kuanzia, nikaiweka folda moja na faili, nikafungua, mweupe tena! Hapa ndo watu wengi wanaacha na kwenda kulala, na mi siwalaumu. Ukiangalia kwenye konsoli, sehemu ya brauza inapoandika makosa, ndo unaona brauza imekataa kusoma stailishiti kwa sababu faili ukilifungua moja kwa moja kutoka kwenye diski, kila faili linahesabiwa kama linatoka sehemu tofauti na jirani yake, ni mambo ya usalama. Chrome ni hivyo miaka mingi, Firefox nayo ikafuata kuanzia toleo la 68 la mwaka 2019. Dawa yake ni kuwasha kaseva kadogo ndani ya mashine yako, kwenye lile dirisha jeusi unaandika

python3 -m http.server 8000

halafu kwenye brauza unaenda localhost:8000 unabofya faili lako. Ikafunguka. Aisee ile mara ya kwanza kuona ile takataka imegeuka jedwali, tarehe huku, meseji huku, nilimwita mke wangu aje aone, akaangalia akasema "sawa" akarudi jikoni.

Kuhusu uandishi wenyewe wa stailishiti, kama umezoea lugha nyingine za programu kichwa kitakuuma siku mbili za mwanzo. Huku huiambii mashine fanya hiki kisha kile kisha kile. Unaandika templeti, kila templeti inasema ukikuta kitu cha aina hii toa hivi. Nilipomwelezea mama mdogo alielewa haraka kuliko wasomi, maana ni kama vijana wake wa kupanga zabibu, hawapewi orodha kwamba kichana cha kwanza kiwe hiki cha pili kiwe kile, wameambiwa tu nyeusi kreti ile, nyeupe kreti hii, zilizobonyea pembeni, basi, mzigo ukishuka kila kichana kinajikuta mahali pake. XSLT ni hivyo hivyo. Ukikuta smses, ile tagi inayozizunguka meseji zote, toa jedwali, ukikuta sms ya kuingia toa mstari, ukikuta ya kutoka usitoe kitu.

Na ina ukorofi wake mdogo mdogo. Stailishiti yenyewe ni XML kwa hiyo kila tagi lazima ifungwe, <br/> na siyo <br>, na ukizoea kuandika &nbsp; kwa ajili ya nafasi tupu kwenye HTML, ile lugha ya kurasa za intaneti, huku haijulikani, andika &#160;, hiyo imenila nusu saa nzima usiku. Kupanga kwa kiasi nako, nikaweka xsl:sort nikaona 9,000 imekaa juu ya 45,000 na 180,000 iko chini kabisa, kwa sababu usipoiambia data-type="number" inapanga kama maneno, herufi ya kwanza kwa herufi ya kwanza. Kitu kidogo lakini ukimpa mfanyabiashara jedwali la hivyo hakuamini tena maisha yako yote. Tarehe nilitumia ile readable_date iliyokuja na faili, maana kuzigeuza zile tarakimu 13 kuwa siku ya kalenda kwa XSLT ya brauza inawezekana ila ni hesabu ya kujitesa.

Siku ya tatu ikaja ya emoji. Nimemwambia mama mdogo aninakilie meseji mpya, nafungua, brauza inalia kosa, eti mstari fulani kuna herufi isiyokubalika, thamani 55357. Nikaenda kwenye ule mstari nikakuta mteja wa Singida kaandika "Nimetuma dada asante" na emoji ya mikono iliyofumbatana. Hii nayo nilijifunza: ile emoji ni herufi moja, lakini apu iliiandika kwa vipande viwili, &#55357;&#56911;, na sheria ya XML inakataa kabisa vipande vya namna hiyo, lazima iandikwe nzima. Na XML ikikataa haina kusema nisamehe hapa niendelee kule, inasimama pale pale, faili zima la meseji elfu na kitu limegoma kwa shukrani ya mtu mmoja. Hapa kosa si la XSLT, ni la aliyetengeneza lile faili, ila mtumiaji ndo anayeumia. Nikatumia tafuta na badilisha kuondoa zote, mikono ikaenda, moyo ukaenda, ua likaenda.

Ila utamu wenyewe ulikuwa kwenye kutoa kiasi ndani ya meseji. XSLT iliyomo ndani ya mabrauza ni ile ya 1.0, na hii 1.0 ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya intaneti, tarehe 16 Novemba 1999, mwezi mmoja na siku mbili tangu Mwalimu afariki, hebu fikiria ni zamani kiasi gani. Mhariri wake alikuwa James Clark. Baadaye ikaja 2.0 mwaka 2007 na 3.0 mwaka 2017, zina mambo mazuri tu, ila mabrauza hayakuwahi kuzichukua, yakabaki na ya 1999. Kwa hiyo zile mbinu za kisasa za kuchambua maandishi huna. Unachopewa ni kisu na ubao: substring-before, substring-after, translate. Nikaandika hivi:

translate(substring-before(substring-after(@body,'Tsh'),' '),',','')

Maana yake chukua kilichopo baada ya Tsh, kata mpaka kwenye nafasi ya kwanza, halafu toa koma zote, inabaki 45000 tupu ambayo inahesabika. Halafu ukitaka kuionyesha unairudishia koma kwa format-number na '#,##0'. Kwakweli nilifurahi, ni kitu kidogo lakini kinafanya kazi kila brauza niliyojaribu, tatu tofauti, bila kubadilisha herufi.

Kujumlisha sasa. Ungedhani kuna sum() basi imeisha. Ipo, ila inajumlisha vitu vilivyopo tayari kwenye faili, haijumlishi kitu ulichokikata mwenyewe kwa kisu. Na kutengeneza kikapu cha jumla ukawa unaongeza ongeza huwezi pia, maana huku ukishakipa kitu thamani hakibadiliki tena. Wengine wanaandika templeti inayojiita yenyewe mpaka meseji ziishe, mi nikapita njia ya nyongeza inayoitwa node-set ya EXSLT, unatengeneza kwanza orodha yako ya viasi vitupu pembeni, unaigeuza kuwa kama faili dogo, ndo sum() inakubali kuijumlisha. Chrome wanaijua, Firefox wanaijua. Nikaweka chini kabisa kwa herufi nene, Jumla.

Nikamwita mama mdogo kwa mbwembwe zote. Akavaa miwani, akasoma taratibu mpaka chini, akanigeukia.

"Huyu NaN ni nani?"

"Mama mdogo hiyo..."

"Mi simdai mtu anaitwa hivyo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. NaN ndo brauza inavyosema hii siyo namba. Kati ya meseji zote zile, chache zilitoka mtandao mwingine wa simu ambao wenyewe hawaandiki Tsh, wanaandika TZS, kwa hiyo kile kisu changu kilikata hewa, hewa ikageuzwa namba ikawa NaN, na ukijumlisha milioni zako zote na NaN moja jibu ni NaN. Hakuna onyo, hakuna mstari mwekundu, inakuachia tu mgeni kwenye jumla. Nikaongeza xsl:choose, kama ina TZS kata hivi, kama ina Tsh kata vile, isiyo na zote weka rangi nyekundu niione mwenyewe. Toka siku hiyo nyumbani kitu kikipotea tunasema kachukua NaN.

Mwisho kupanga kwa mteja. Hapa tena 1.0 haina amri ya kukusanya, ukitaka kila mteja awe na kichwa chake na meseji zake chini yake unatumia ujanja wa zamani unaoitwa wa Muench, jina la jamaa aliyeuvumbua, Steve Muench. Unatengeneza xsl:key ya jina la mtumaji, halafu kwa kila jina unachukua meseji ya kwanza tu kwa kulinganisha generate-id, hiyo ndo inakuwa kiongozi wa kundi na wenzake unawaita kwa ule ufunguo. Ukiusoma mara ya kwanza unaona kama mtu anaagua, ukiusoma mara ya nne unakubali jamaa alikuwa na akili. Na ni wa haraka, ile laptopu ya mama mdogo ni nzee, ina ramu ya giga 2, ila meseji elfu na mia kadhaa zimepangwa kwa wateja na jumla zao kabla sijamaliza kupiga chafya. (Nilitoa picha za MMS kwanza kwenye nakala, hizo zinaingia kama maandishi marefu na faili linavimba bila sababu.)

Jedwali likatoka, tukalichapisha stationeri, kurasa sita. Mama mdogo akalipitia kwa kalamu. Akakuta majina mawili akayaunganisha kwa mshale, "huyu na huyu ni mtu mmoja, hii laini ni ya mkewe", hilo hakuna stailishiti duniani ingelijua. Na yule wa "dada mi nilishamaliza" alikuwa bado 180,000. Sikusikia simu waliyoongea, nilisikia tu mlango wa chumbani ukifungwa.

Mapungufu mengine ya haraka haraka. Kutafuta kosa ni shida, ukibofya kuangalia chanzo cha ukurasa brauza inakuonyesha XML ya mwanzo na siyo HTML iliyotoka, lazima ufungue zana za wasanidi ndo uone kilichozaliwa. Ukiiweka kwenye seva ya kweli hakikisha faili la xsl linatumwa likitambulishwa kama XML, Firefox likija na utambulisho mwingine hailitaki. Ukiwa na meseji au habari zenye HTML ndani yake iliyofichwa kwa &lt; na unataka itoke kama HTML, ile disable-output-escaping Firefox haifuati, kwa hiyo utaona tagi zimelala uchi kwenye ukurasa. Na faili lako likiwa na neimspesi, yaani tagi zake zina kama jina la ukoo, mfano zile za Atom (aina ya XML ya orodha za habari), utaandika njia sahihi kabisa na haitakamata kitu hata kimoja mpaka uitangaze neimspesi kwenye stailishiti na uipe kifupi chake, mi bahati nzuri faili la meseji halina hayo mambo.

Sasa habari mbaya. Wanaiondoa.

Chrome wametangaza ratiba kabisa, toleo la 143 ndo lilianza rasmi kutoa maonyo, na kwa mpango huo wa mwishoni mwa 2025 kuanzia toleo la 155 la tarehe 17 Novemba 2026 XSLT inaacha kufanya kazi kwa mtumiaji wa kawaida, wenye ruhusa maalumu kama makampuni wanaongezewa mpaka toleo la 164 Agosti 2027. Firefox na Safari nao wameonyesha kukubaliana na wazo. Sababu wanazosema siyo za uongo: injini inayotumika ndani ya Chrome na Safari, libxslt, ni programu ya zamani ya lugha ya C iliyotunzwa kwa kujitolea, aliyekuwa anaitunza akaachia ngazi 2025, watafiti wa usalama wa Google wenyewe wakawa wanaokota matundu ndani yake, na kurasa zinazoitumia ni chache sana. Mwaka 2013 Chrome waliwahi kutaka kuiondoa wakaghairi. Mara hii sioni kama wanaghairi.

Naelewa hoja ya usalama, kitu kina matundu na hakina mwenyewe, utakiachaje kwenye simu za watu wote duniani. Lakini kinachoniuma ni kwamba miaka yote hiyo hawakuipandisha toleo hata mara moja, imekaa na nguo zake za 1999, halafu leo inaambiwa wewe umezeeka na watu hawakutaki. Ungemlisha ng'ombe kwanza ndo ulalamike maziwa. Na wapo wanaoitegemea siyo mimi na zabibu tu, watu wa RSS (zile orodha za habari mpya za tovuti, nazo ni XML) wanaitumia ili anayebofya kiungo chao asikutane na tagi tupu, hata Bunge la Marekani lina miswada iliyowekwa kwa XML na brauza yako ndo inayoivalisha nguo. Hapa Dodoma Bunge tunalo jirani, yao ni PDF, kwa hiyo angalau hilo halituhusu.

Kama ulishaandika stailishiti zako usizitupe. Watu wa Chrome wenyewe wametoa kiraka cha JavaScript chenye ile ile libxslt iliyogeuzwa kuwa WebAssembly, yaani programu inayoendeshwa ndani ya brauza, unakiweka kwenye ukurasa kinafanya kazi iliyokuwa inafanywa na brauza. Ipo pia SaxonJS ya Saxonica, hiyo inakuletea XSLT 3.0 kabisa ndani ya brauza, kukusanya makundi kunakuwa amri moja, Muench anapumzika. Ila zote mbili zinaondoa ule utamu wangu wa kwanza, kwamba huinstoli kitu wala hubebi kitu. Anayeanza leo kitu kipya cha kukaa miaka kwa kutegemea XSLT ya brauza, mi simshauri. Mwenye kazi ya wiki hii, faili lake liko hapa na hataki kulipeleka kwa watu, afanye tu, bado inafanya kazi.

Kwangu mimi nimehamia xsltproc, ni amri inayokuja na libxslt yenyewe, injini ni ile ile, kwa hiyo meseji.xsl sikuigusa hata herufi:

xsltproc meseji.xsl meseji.xml > meseji.html

Inatoa HTML ya kawaida, unaibofya mara mbili inafunguka, haihitaji seva wala python. Nimeiweka kwenye laptopu ya mama mdogo kama kitufe kimoja juu ya skrini, tayari kwa mzigo wa mwezi wa nane. Jumapili nimepita kumwonyesha, akabofya, jedwali likaja pale pale, akaangalia juu ya miwani.

"Na lile dirisha jeusi liko wapi?"

Nikamwambia halihitajiki tena. Hakufurahi. Kumbe kwa wiki zote zile alikuwa na kikaratasi amekibandika kwa solotepu kwenye kifuniko cha laptopu, kwa mwandiko wake wa kalamu ya bluu, python3 nafasi -m nafasi http.server nafasi 8000, na neno nafasi ameliandika kabisa kwa herufi, na alishazoea kuiandika mbele ya wateja. Nikanyoosha mkono nikibandue, akanipiga kofi la kiganja. Kipo mpaka leo.